Plasta Juu ya Swichi

"Ina joto," shemeji alinong'ona, kiganja chake kikiwa juu ya mgongo wa osiloskopu, mashine ya kuchora mawimbi ya umeme kwenye kioo. "Imewashwa kabla hatujafika. Gari ukilikuta na injini ya moto, unaaga."

Shemeji, mume wa dada yake Fundi, alikuwa dalali wa magari yaliyotumika. Hakuwahi kumwamini mtu mwenye kitu cha kuuza, na mwenyewe alikiri kwamba hata yeye hajiamini. Ndiyo maana Fundi alimwomba amsindikize.

Fundi alijua kwamba mashine za aina hii, nzito na za zamani, huwashwa mapema ili mstari wa kwenye kioo utulie. Lakini mwongo naye angeiwasha mapema. Na kilichomsumbua zaidi ni plasta. Karibu kila swichi ya kuzungusha ilikuwa imebandikwa plasta nyeupe ya hospitali.

Mwaka uliopita alinunua osiloskopu mpya, ndogo kama simu, kwa kusoma sifa za kwenye boksi. Ilichora kila wimbi likiwa laini, zuri, mpaka siku alipogundua kwamba inachora inavyojisikia. Sasa nyumbani, ndani ya bati la biskuti, vilimsubiri vifaa kumi na vinne vya kusikia vya watoto wa shule ya viziwi. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Kwa mita peke yake aliweza kujua kama umeme unaingia, ila hakuweza kuona sauti inapochanikia. Kwa kazi ya sauti hakuhitaji mashine ya kifahari. Hii ya kale ingetosha kabisa, mradi njia zake zote mbili ziwe nzima, ili aone sauti inayoingia na inayotoka kwa pamoja. Bei yake ilikuwa sawa na pesa yote aliyobakiwa nayo, pamoja na nauli ya teksi.

"Mama, naomba nijaribu njia ya pili," alisema.

Mwenye nyumba, mjane na muuguzi mstaafu, alikuwa amesimama kati yao na soketi ya ukutani. "Ya kwanza si unaiona?"

"Naiona."

"Basi."

Shemeji akakohoa. Fundi alikijua kikohozi hicho: twende zetu.

"Hizi plasta ni za nini, mama?"

"Nimefunga. Mimi nikifunga kitu, huwa nina sababu."

"Na mimi siwezi kulipia kitu kilichofungwa."

Mwishowe mjane akasema, "Moja tu. Na nione mikono yako."

Fundi akabandua plasta kwa ukucha, akazungusha kidogo. Mstari wa kijani ukaruka juu, ukatoweka. Kioo kikabaki cheusi tii.

"Mmeiua!" Mjane alishika kichwa. "Ndivyo alivyofanya yule mnunuzi wa vyuma chakavu! Akazungusha, ikazima, akasema marehemu kaniachia mzoga, eti anilipe kwa kilo. Jirani yangu mwalimu alihangaika nayo mchana kutwa ndipo ikarudi, tukaifunga. Nyie naye ni kundi moja?"

"Hatumjui, mama."

"Anakuja leo saa kumi, nilimwambia arudi kama sijapata mtu. Kumbe kawatanguliza!"

Uso wa shemeji uling'aa. Akainama sikioni kwa Fundi. "Nyamaza hivyo hivyo. Dakika mbili tu, bei itashuka yenyewe. Utabakiwa na pesa ya kununua hata amplifaya."

Fundi alikitazama kile kioo cheusi. Alijua mstari ulikokwenda. Alijua pia ilivyo kusimama mbele ya kioo usichokielewa, huku anayekielewa amenyamaza.

"Mama, lete kidole."

"Cha nini?"

"Bonyeza hapa, usiachie."

Mjane alibonyeza kama anayegusa pasi ya moto. Mstari ukajitokeza juu kabisa ya kioo, umejikunja.

"Haijafa. Mstari umetoka nje ya kioo tu. Kitufe hiki kinakuonyesha umejificha upande gani, halafu unaushusha kwa swichi hii."

Shemeji alifumba macho kama mtu aliyeona ng'ombe wake akitumbukia shimoni.

Mjane aliupoteza mstari na kuupata mara tatu. Kisha akabandua plasta nyingine mwenyewe. Fundi akachomeka waya wa kupimia, akajaribu njia zote mbili. Zilikuwa nzima.

"Na bei, mama?"

"Ile ile. Ila huondoki nayo sasa. Weka pesa mezani, mkae. Saa kumi haijafika."

"Pesa mezani na mali haitoki?" shemeji alishtuka. "Shemeji, hata mimi sijawahi kumfanyia mtu hivyo!"

Fundi aliiweka, lakini vidole vilichelewa kuiachia. Walikaa. Je, huyo mtu akija na donge nono zaidi? Au mjane na huyo mnunuzi wanashirikiana, mmoja wa kulia, mwingine wa kubisha hodi? Shemeji alikuwa amesogeza kiti chake karibu na mlango. Fundi alihesabu swichi, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Hodi ikapigwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu aliingia na gunia begani, akachangamka kwa salamu. Mjane akageuka kidogo, akazungusha swichi. Kioo kikawa cheusi.

"Hebu mtazame mgonjwa wako."

Mtu yule aligonga mashine mara moja kwa kifundo cha kidole. "Mama, si nilikwambia? Hii ilishakufa. Leo nakupa kwa kilo, kesho hata hiyo hupati."

"Una uhakika?"

"Miaka ishirini nafanya kazi hii."

Mjane akabonyeza kitufe. Mstari ukarudi. Akaushusha taratibu hadi katikati, akafuta kioo kwa kiganja. Mnunuzi alimtazama shemeji, akalitazama gunia lake, akakumbuka kwamba ana safari.

Mjane akachukua pesa bila kuihesabu. "Haya, mwanangu, chomoa. Shika kichwa cha plagi, usivute waya. Marehemu alikuwa hapendi."

Nauli haikuwepo tena. Shemeji aliibeba mashine begani, akilalamika kila hatua kwamba inamuunguza.

"Joto hilo ndilo dawa yake," Fundi alisema. "Tukifika naichomeka moja kwa moja, bila kusubiri mstari utulie."