Hakuna wa Kupokea

...na bado watasema ni ukuta, kesho gazeti la mji litaandika ukuta umebomoka, kana kwamba yeye Kosko na wenzake wanne walisimama mbele ya mrushaji wao, kwenye mechi hii ya futiboli ya Kimarekani, tangu saa sita mchana kwa ajili ya kuota jua, na jua lenyewe liko wapi, Novemba hii ya Ohio mbingu imekuwa bati la zamani na theluji inadondoka chembe mojamoja kama inayopima kwanza uwanja unafaa au haufai, hakuna atakayeandika kwamba Pell alikuwa na mpira mkononi, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kati, akakosa mtu, na mrushaji akikosa wa kumrushia anabaki kaukumbatia mpira kama mgeni aliyepakatishwa mtoto wa watu, hajui amweke wapi, na ukuta hata uwe wa zege hauzuii milele, mwisho wapinzani wanapenya, wanamwangusha Pell, na jukwaa zima linainuka na kumzomea nani, linamzomea Kosko, jitu zima la kilo mia na arobaini ambalo kila mtu analiona na hakuna anayejua kazi yake... na Pell sasa hivi amesimama hapa kwenye duara la wenzake, mkono mmoja ameubana ubavuni, anapumua kwa juujuu tu, anatema mate mekundu halafu anayafukia kwa kiatu ili daktari asiyaone, na wote kumi na mmoja wanangoja matangazo ya televisheni yaishe, yule mtu wa televisheni mwenye glavu ndefu za rangi ya chungwa amesimama katikati ya uwanja kakunja mikono, na mpaka aondoke hakuna mpira, huko majumbani watu wanaonyeshwa malori na bia na bima, na jasho la Kosko linamgandia mgongoni, jaribio la tatu hili kati ya manne, yadi nyingi mbele yao, timu iko nyuma lakini si kwa pointi nyingi, kuvuka mstari wa mwisho mara moja tu kungetosha, mara moja, na nani atakayevuka, nani... "Jumba," anamwita Kosko yule namba tisini na saba wa upande wa pili, yuko hatua chache tu, viganja kiunoni, meno nje, "Jumba, mwambie jamaa yako aache kupiga simu, huko mbele inaita tu, hakuna wa kupokea," na wenzake wanacheka, na ni kweli, ndicho kinachomchoma Kosko, kwamba lile domo limesema kweli, timu nzima inajua, wapinzani waliokuja wote tangu Septemba wamejua kwamba chuo chao cha Harlan Falls hakina wapokeaji, kwa hiyo hawahangaiki hata kuwalinda, wanawaacha wakimbie huko pembeni kama mbuzi waliofunguliwa, wanawaleta watu wao wote mbele, wanane, tisa, wanarundikana puani kwa Kosko, na ukikimbia na mpira unakutana na kijiji kizima, ukiurusha unaanguka chini, sasa timu gani hiyo yenye mguu mmoja, ndege gani huyo mwenye bawa moja...

na Broadnax je, Broadnax angekuwa hapa leo, Broadnax aliyekuwa akiuchuma mpira hewani kama mtu anachuma tufaha la chini, bila haraka, hata hakuwa anauangalia, au ndivyo ilivyoonekana, miaka mitatu wamelala chumba kimoja, miaka mitatu Kosko akipeleka sahani ya pili ya maandazi ya viazi ya bibi yake kwa ajili ya Broadnax kila Krismasi, halafu jioni moja ya mwezi wa nne anaingia chumbani anamkuta mtu anajaza nguo kwenye foronya za mito kwa sababu mabegi yamejaa, amehama, amepata chuo kikubwa cha kusini, uwanja wa kumeza mji huu mara tatu, na kwa nini foronya, kwa nini haraka hiyo kama mwizi... "Kaka, ukitaka kunisikiliza nitakueleza," alisema Broadnax, na Kosko hakuinuka kitandani, alisema, "Nenda, wanakungoja," akageukia ukutani, akasikia magurudumu ya begi yakigonga kila ngazi mpaka chini, na wiki haikuisha wengine wawili wakamfuata, mlango ukishafunguliwa na mmoja wengine hawaulizi, basi ndiyo ikawa hivi, aliyebaki ni yule mrefu wa mpira wa kikapu anayefumba macho mtu akimkaribia, na huyu dogo, Mabry, mwaka wa kwanza, katoka shule ya sekondari majuzi, na Agosti waandishi walipouliza wapokeaji wako wapi kocha Dunleavy alicheka kicheko chake kile cha kukandamiza tumbo, akasema watu wanatengenezwa na mfumo, mleteeni yeyote mwenye mikono miwili... mikono miwili, haya, mikono hiyo hapo, kipindi hiki hiki, mpira umetoka kwa Pell umenyooka, umepita juu ya watu wote, mpira ambao Pell ameurusha huku anaangushwa, ubavu wake umeulipia ule mpira, ukafika mpaka kwenye viganja vya Mabry, viwili vyote, ukapiga, ukaanguka, na hakuna aliyemgusa, alikuwa peke yake kama mnara, na Kosko alipoinuka kutoka kwenye matope na kuona ulikoangukia alimwendea dogo akamwambia mbele ya wote, "Unachezea mikono ya nani wewe?" na Mabry aliangalia chini, na bora angejitetea ili mtu apate pa kumpigia, kwa sababu hasira isiyojibiwa inazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala...

"Dakika moja bado," mwamuzi anamwambia Pell, na Pell anaitikia kwa kichwa, anasema, "Kosko, uko sawa?" na Kosko anasema yuko sawa, yeye ndiye anayeulizwa, mtu anayetema damu anamuuliza yeye, na ubao wa juu huko unaonyesha uso wake mwenyewe, mashavu mekundu, mvuke unamtoka kichwani kama chungu, na jina lake chini, mechi yake ya mwisho nyumbani, baba yake yuko jukwaani safu ya juu na chupa ya kahawa na blanketi la magotini, kawaambia wote kiwanda cha matairi, mwanangu haondoki, anabaki pale pale anakuwa mwalimu wa timu, kwa sababu Jumanne Dunleavy alimwita ofisini akafunga mlango, akamwambia kijana, una kichwa cha ualimu wewe, mwakani nataka unisaidie na ukuta, na Kosko alitoka pale akiwa mrefu zaidi, akapitia njia ya mbali kurudi bwenini ili aendelee kuwa peke yake na ile habari, maana kama si hivyo ni nini, hakuna timu kubwa itakayomchukua, magoti yake yanajua hilo kuliko mtu yeyote, basi abaki, avae lile koti la bluu la makocha, awafundishe wengine namna ya kusimama wakazomewa... na tazama sasa, hata mkanda wa kidevu, dogo anashindwa hata kufunga mkanda wa helmeti, amesimama mbele yake pale kwenye duara, anahangaika na kifungo kwa mkono wa kulia, kinateleza, anarudia, kinateleza, mtu mzima anashindwa na kifungo ambacho watoto wa miaka minane wanafunga wakitafuna peremende, na kwa nini mkono mmoja, huo mwingine umelala nini, umeubana kifuani kama umebeba yai... na Kosko anataka kusema neno, neno bovu kabisa liko tayari mdomoni, lakini macho yake yanatangulia, yanaiona ile glavu ya kushoto, yanaona kwamba kidole cha mwisho na cha kabla yake vimefungwa pamoja kwa plasta juu ya glavu, na plasta imelowa, na vidole vyenyewe haviendi vinakoenda vidole, vimegeuka, vinaelekea jukwaani, na mkono wote mpaka kwenye kifundo umejaa kama unga uliochachuka...

"Tangu lini?" anauliza, polepole, akainama hadi helmeti zikagusana.

"Tangu mechi ya Ashbury."

Ashbury, wiki zimepita, Ashbury kulikuwa bado na majani kwenye miti. "Kocha anajua?"

"Yeye ndiye aliyenifunga plasta," anasema Mabry, wala halalamiki, anasema kama mtu anayetaja sehemu aliyonunua viatu. "Kasema nikitoka mimi nani ataingia."

Nani ataingia... nani ataingia, na sauti ile siyo ya Mabry, Kosko ameshawahi kuisikia, wapi, maji, yalikuwa maji ya moto na mvuke, bafu la wachezaji, mwaka jana, mechi ilikuwa imekwisha na yeye amebaki wa mwisho kwa sababu mwili mkubwa unachelewa kupoa, na upande wa pili wa ukuta wa vigae Broadnax ameketi kwenye kigoda, goti limefunikwa barafu, goti kubwa kama kichwa cha mtoto, na Dunleavy amemwinamia, mkono begani, ile sauti ya upole, sauti ya mtu anayembembeleza farasi, sindano moja tu kijana, ukitoka wewe nani ataingia, na Kosko alikuwa chini ya maji na sabuni machoni, alisikia akafurahi, alifikiri rafiki yake anasifiwa, ndiyo, alifikiri hiyo ni sifa, aliimba hata, alikuwa anaimba, na Broadnax akacheza mechi zote zile zilizobaki, akachuma yale matufaha bila haraka, hakuwa na haraka kwa sababu goti lilikuwa haliendi, na ile jioni ya mwezi wa nne alitaka kueleza, foronya mkononi, kaka ukitaka kunisikiliza, na ngazi zile, begi lilikuwa linagonga kila ngazi, mtu mwenye magoti mazima hubeba begi, halibururi... na wale wawili waliomfuata, walifuata nini, uwanja mkubwa au walikimbia plasta, na mwakani kiti cha nani kitakuwa pale ofisini karibu na mlango, nani ataambiwa kijana, nenda kaongee na yule dogo, wewe wanakusikiliza, nani atakuwa na koti la bluu na ule mkono wa begani, na atasema kwa sauti gani, atajifunza sauti ile, si ndiyo kazi yenyewe, si ndiyo ile iliyomfanya apite njia ya mbali ili afurahi peke yake...

huko pembeni wasaidizi wanainua mabango ya maagizo yenye picha za siri, lori, ngazi, bata, nyingine za kuwazuga wapinzani tu, na bata ndiye mwenye maana, Mabry akatize katikati, katikati kabisa, pale tisini na saba na wenzake wanapongoja, na Dunleavy amesimama nyuma ya mabango kakunja mikono, theluji begani, anatafuna ubani wake taratibu, na hasira ya Kosko, ile aliyoibeba tangu Septemba na kuigawa gawa, huyu kidogo, yule kidogo, gazeti, jukwaa, aliyehama, aliyedondosha, inajikusanya yote kutoka kila alikoitupa, inarudi kifuani nzito na baridi, haizunguki tena.

"Dogo, toka nje," anasema.

"Siwezi. Ataingia nani?"

"Aingie yeyote. Aingie mpiga tarumbeta wa bendi."

Pell ameinua uso, anawatazama wote wawili, anaona glavu, anaitazama muda mrefu, midomo yake imekauka damu pembeni. "Sasa mimi nimrushie nani?" anauliza, na hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu aliyechoka kuuliza swali hilo moja.

"Usimrushie mtu," anasema Kosko. "Kaa nao huo mpira, ulale nao chini. Tutashindwa, basi."

Mabry anataka kujivuta, anasema kaka tafadhali, anasema mama yake amesafiri tangu alfajiri kuja kumwona, na Kosko amekwisha kumshika, si kwenye vidole, juu ya kifundo, kiganja chake kimeuzunguka mkono wote wa dogo na nafasi imebaki, na anauinua kidogo kidogo, mpaka ile plasta na vile vidole vilivyopotoka viko juu ya mabega ya watu, mahali mwamuzi akigeuka ataviona na kwa sheria itambidi amtoe, lakini mwamuzi bado amewapa mgongo, anaongea na mtu wa televisheni, na mtu wa televisheni bado kakunja glavu zake, huko majumbani malori bado yanauzwa, tisini na saba bado anacheka, hakuna kilichosogea uwanjani, na ng'ambo ya nyasi Dunleavy ameacha kutafuna, amefungua mikono miwili kumuuliza kuna nini, na Kosko anamtazama, anasikia jukwaa linaanza kupiga miluzi, hajui kama wanampigia yeye, anamtazama tu, na mkono hajaushusha.