Jumanne ya Mbalamwezi

"Mama Kaneza, hivi mtoto wako anaimba au anagombana na watu?"

Diana aliniuliza hivyo mwaka juzi, tukigeuza dagaa kwenye vichanja pale ufukweni Kibirizi, Kigoma. Diana ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na ukuta wenyewe haujapigwa lipu, kwa hiyo anasikia kila kitu. Asubuhi nzima alikuwa amemsikia Kaneza akisema maneno harakaharaka, akijikosoa, akianza tena.

"Anaimba," nikamjibu.

"Mbona havuti sauti?"

"Ndivyo wanavyoimba wenyewe. Inaitwa rap."

"Yoo! Kumbe mume wangu naye ni msanii!" akasema Diana, na tukacheka hadi wanawake wa vichanja vya mbele wakageuka.

Nilicheka, lakini sikuwa na amani. Baba yake Kaneza, marehemu Ildephonse, fundi wa injini za boti, alifariki kwa kisukari mtoto akiwa kidato cha pili. Tangu hapo, kila alfajiri kwenye rozari yangu nilikuwa na ombi moja: huyu uliyeniachia, Bwana, asimame kwa miguu yake kabla hujaniita. Nilidhani Mungu atamfanya muuguzi.

Kaneza alikuwa akirekodi kwa Meshack, kijana wa mtaa wa Mwanga mwenye chumba kimoja alichokiziba kuta kwa magodoro mabovu ili sauti za bodaboda zisiingie. Wimbo wake wa kwanza ulikuwa unatuhusu sisi waanika dagaa. Una maswali, na kila swali lina jibu:

*Mvua ikishuka ghafla, nani anaanua? Mama.*
*Mchanga ukiunguza, nani anatembea? Mama.*
*Bei ikipanda ghafla, nani anachukua?*

Hapo ngoma inanyamaza, na Kaneza hajibu. Halafu anaendelea na ubeti wa pili, ambao karibu wote ni Kiha, lugha yetu.

Kwenye redio walimwambia alete wimbo wa mapenzi, na Kiha akipunguze. Hakukipunguza. Aliutia wimbo kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, akaenda nao kwa Gervasi, nahodha wa boti ya abiria inayopanda kaskazini hadi Mwamgongo.

"Baba Gervasi," alimwambia, "abiria wako wanakaa saa nzima na zaidi wanasikiliza injini tu. Waache wanisikilize na mimi."

Gervasi aliuweka siku moja kwa kumhurumia. Siku ya pili abiria wakamwambia aurudie. Siku ya tatu wakawa wanaombana, simu kwa simu, mpaka ukashuka nao kila kijiji boti ilipotia nanga. Mimi sikujua lolote. Nilijua siku mama mmoja wa Mwamgongo, muuza mawese, aliponishika mkono sokoni. "Eti wewe ndiye uliyemzaa yule?" Kisha akauimba wote palepale, na dumu lake kichwani, hakukosea hata neno. Nikabaki nimeshika kiuno.

Ndipo akaja Gasper.

Gasper alitoka Dar es Salaam. Mwezi uliotangulia alileta tamasha mjini, wasanii wanaoonekana kwenye televisheni, uwanja mzima na taa zake, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Uwanja ukawa mtupu, watoto ndio waliocheza mpira mbele ya jukwaa. Akasema watu wa Kigoma hawapendi muziki. Lakini kabla ya kuondoka alimsikia Kaneza kwa Meshack, na akafunga safari hadi kwangu, na sukari kilo mbili mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. Alitoa mkataba, akasema Kaneza atapangiwa nyumba Dar, atatengenezewa video, atalishwa, atavishwa. Nikaomba kuusoma. Nilisoma mwenyewe, kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chai yake ikapoa. Ukurasa wa nne ulisema nyimbo zote alizotunga na atakazotunga kwa miaka kumi ni mali ya kampuni, pamoja na jina Kaneza analoimbia.

"Jina amepewa na baba yake," nikasema.

"Ni utaratibu tu, mama. Kila msanii anasaini hivyo." Akamgeukia binti. Gasper alikuwa ameshika simu. "Dada, angalia. Wimbo wako mtandaoni umesikilizwa na watu mia nane. Mia nane! Huna watu. Mimi ndiye nitakayekupa watu."

"Ninao," Kaneza akasema.

"Wako wapi?"

"Ziwani."

Gasper akacheka, si kwa ubaya. Alidhani ni utani.

Sitaficha: mimi nilitaka asaini. Alipoondoka tu tukaanza kubishana. Nilimwambia mimi ni mjane, nikianguka leo nani atamshika mkono? Huyu mtu ana nyumba, ana kampuni, ana mpango. Yeye ana nini? Ana boti ya Gervasi!

Kaneza akasema, "Mama, nipe shoo moja. Hapahapa mchangani, kwa jina langu. Watu wasipokuja, nasaini na nakwenda, na hutanisikia nikilalamika."

"Mungu shahidi?"

"Mungu shahidi."

Nyumbani kwetu neno hilo si la mchezo. Tuliapa wote wawili, mimi na yeye: wasipokuja anasaini, wakija simlazimishi.

Kesho yake akamwambia Gasper masharti na siku yenyewe: Jumanne ya wiki mbili mbele, saa tisa alasiri.

"Jumanne?" Gasper akashika kichwa. "Shoo Jumanne? Saa tisa? Dada, watu wapo kazini!"

"Njoo uone, kaka."

"Nakuja. Nakuja na kalamu."

Mimi nilipohesabu siku kwa vidole nikaelewa. Jumanne ile ilikuwa mbalamwezi kamili. Sisi wa ziwani hatuendi kwa Jumamosi na Jumapili, isipokuwa kwa misa. Dagaa hufuata taa za wavuvi, na mwezi ukiwaka taa hazina kazi. Basi boti zinavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, na wanaume wote wapo nyumbani, wamelala wakashiba. Harusi tunapanga mbalamwezi. Hata jumuiya yetu ya kanisani, kikao cha kupatanisha wanandoa tunakiweka mbalamwezi, maana siku za giza mume humpati. Jumamosi ya tamasha la Gasper ilikuwa giza. Wanaume walikuwa majini na taa zao, na sisi wanawake tumeshalala tukingoja boti za alfajiri. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuuliza.

Ila mwezi ni jambo moja na upepo ni lingine. Jumanne ilipofika ziwa lilichafuka tangu asubuhi. Mawimbi yalikuwa yakipiga hadi kwenye vichanja. Watu ambao Kaneza aliwategemea zaidi ni wa vijiji vya kaskazini, na huko njia ni maji.

Saa nane nilishuka mchangani. Meshack alikuwa amefunga spika mbili juu ya boti iliyovutwa, ndiyo jukwaa. Watu? Watoto, mbuzi watatu, wavuvi kumi na kitu wa hapahapa, na Diana aliyekuja na kigoda chake.

"Mimi nimeshakata tiketi," akasema Diana.

"Hakuna tiketi, jirani."

"Basi nimewahi."

Gasper alikaa kivulini na bahasha yake magotini. Aliniamkia, akaniachia nafasi nikae. Kaneza alisimama nyuma ya boti, amevaa kitenge changu cha Pasaka na buti za baba yake, akitazama maji. Nilitia mkono ndani ya kanga nikashika rozari. Niliomba, na kusema kweli sikujua naomba nini. Watu wakija, mtoto anabaki na nyimbo zake na hana nyumba. Wasipokuja, anapata nyumba. Mwisho nikasema tu, Bwana, wewe unaona mbali.

Saa nane na nusu upepo ukalegea. Bado mawimbi yalikuwepo, lakini yalikuwa yamechoka. Wavuvi wa Kibirizi wakaanza kutoka majumbani, mmoja na nyavu begani, mwingine anapiga mswaki kama ni alfajiri. Saa tisa ikapita; karibu saa kumi Diana akasimama juu ya kigoda.

"Hiyo si ya Gervasi?"

Ilikuwa ya Gervasi, imejaa hadi pembeni, inapanda na kushuka, na kabla haijafika tuliwasikia. Walikuwa wanaimba. Nyuma yake nyingine. Nyuma ya hiyo, mbili kwa pamoja, zinashindana. Watu walirukia majini wakiwa wamekunja suruali na vitenge, wamebeba watoto, wamelowa hadi kifuani, wanacheka.

"Tumeshinda njaa bandarini kwetu kungoja upepo utulie!" Gervasi akapiga kelele. "Kaneza! Ukiimba vibaya tunakurudishia matapishi ya safari!"

Saa kumi na nusu sikuuona tena mchanga. Nilitafuta mahali pa kuweka mguu sikupaona.

Kaneza akapanda juu ya boti. Hakusalimia. Akauliza:

"Mvua ikishuka ghafla, nani anaanua?"

"MAMA!"

Nasema kweli, hata ndege waliruka. Waliimba wanaume, waliimba vikongwe, ubeti wa Kiha waliujua kumshinda yeye mwenyewe. Akauliza la pili. Nikasikia sauti inajibu karibu sana na sikio langu, kubwa, kavu. Ilikuwa yangu. Mara ya mwisho kuipaza hivyo ilikuwa Gloria ya mkesha wa Pasaka.

Alipofika kwenye swali la bei, ngoma ikanyamaza kama kawaida, na Kaneza hakujibu. Wanawake wote wa vichanja, kana kwamba tumekubaliana, tukageuka tukamnyooshea kidole dalali mmoja aliyesimama karibu na mizani. Mwanamume wa watu akajifunika uso kwa kofia, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Gasper alisimama. Nilimwona akipita katikati ya watu akiuliza, wimbo umeupata wapi? Wewe je? Kila mtu alimwonyesha simu yake ndogo ya batani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amehesabiwa kwenye ile mia nane.

Aliimba nyimbo tisa. Jua liliposhuka nyuma ya milima ya Kongo wazee wawili wa Mwamgongo walikuwa wanabishana mbalamwezi ijayo aende kijiji cha nani kwanza. Gervasi aliwakatisha, akasema popote atakapokwenda, atakwenda na boti yake.

Jumatano asubuhi Gasper akaja nyumbani na karatasi mpya. Nikamkaribisha, nikamwekea chai.

"Nimepunguza," akamwambia Kaneza. "Miaka mitano, si kumi. Jina utabaki nalo."

"Na nyimbo?"

"Nyimbo lazima ziwe za kampuni, dada. Vinginevyo nafanya kazi ya nini?"

"Unaweza kunialika," Kaneza akasema. "Unaniambia siku, mimi naangalia kama nina nafasi. Nakuja, naimba, naondoka na nyimbo zangu. Baba Gervasi huwa ananiomba."

"Mimi nikuombe wewe?"

"Ego."

Ndiyo, kwa Kiha. Gasper akanigeukia. Alidhani mzazi atakuwa upande wake.

"Mama, ongea na mwanao. Wewe ni mtu mzima, unayajua maisha."

Kaneza naye alinitazama. Hakuniomba, alingoja tu.

"Baba," nikasema, "mimi na huyu tuliapa mbele ya Mungu. Watu wasipokuja, asaini. Wewe mwenyewe ulikuwepo, na mguu wako niliukanyaga mara mbili kwa kukosa nafasi. Sasa hata mimi nikitaka asaini, siruhusiwi."

Gasper aliitazama karatasi, akakitazama kikombe ambacho hakuwa amekigusa. Akasimama, akatia kalamu mfukoni, akainama kupita kwenye mlango wetu mfupi, akatoka na karatasi yake bila saini.