Pipa Lililokuwa na Mwenyewe

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba mimi ni wiski. Si wiski iliyokwisha kuiva, bali ile changa, nyeupe kama maji ya bomba, kali ya kumtoa mtu machozi. Sikushangaa. Natunza stoo ya vinywaji ya hoteli moja hapa Moshi mwaka wa kumi na tisa sasa.

Nililala nikiwa nimekorofishana na Mama Haika. Huyu ni mjane ninayetaka kumwoa, naye anataka, ila sebuleni kwake koti la marehemu mumewe, Aikaeli, mwimba besi wa kwaya aliyependa mvinyo mwekundu wa Dodoma, linaning'inia kwenye msumari mwaka wa sita. Nilimwambia achague: koti au mimi. Akasema atanijibu asubuhi. Ndiyo, nalionea wivu koti. Cheka tu.

Basi ndotoni niko Uskoti, kwenye foleni ya kiwanda cha wiski. Karani wa kiwanda, mbuzi mwenye miwani, ananihoji. Anauliza kama nimetokana na shayiri tupu. Nasema ndiyo. Anauliza kama nimechanganywa na wiski za viwanda vingine. Namjibu kwamba sisi kwetu hatuchanganyiki na mtu. Anaandika kwenye fomu, "Anajisikia," ananigonga muhuri kwenye paji la uso, ananielekeza pipa namba nane.

Nageuka, Uskoti haipo. Pipa liko Dodoma, katikati ya shamba la mizabibu, saa sita mchana. Nikajimimina ndani bila kupiga hodi.

Mle ndani kulinuka mvinyo mwekundu kuanzia sakafuni hadi darini. Niliuliza kwa ukali nani alikuwa akikaa humu. Pipa, lenye sauti ya mama mtu mzima, likasema alikaa Mvinyo, akaondoka salama, na mimi ndiye niliyefuata. Nikaagiza lipigwe msasa mara moja, mbao zote, mpaka harufu ya huyo bwana iishe.

"Sawa," Pipa likasema. "Lakini nikipigwa msasa, utatoka humu kama ulivyoingia, maji makali yasiyo na rangi. Hiyo rangi unayoitafuta ni yake. Imekwisha kuingia kwenye mbao, mwanangu. Nikimtoa yeye, najitoa na mimi."

Niliona aibu, nikafuta agizo la msasa.

Pipa likaniuliza kama nilimsalimu huyo mwenyewe wa kwanza nilipoingia. Nikakiri kwamba hata hodi sikupiga. Likauliza kwetu Uchagani mtu akikosa hufanyaje. Nikasema hupeleka jani la sale, lile tunalopanda mipakani, kuomba radhi. Likasema lete. Wiski haina mifuko. Nikatafuta kote, nikalikuta chini ya ulimi. Nikalibandika ukutani, nikaomba radhi kwa Kichaga, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa na baba.

Ukuta ukakohoa. Sauti nzito ya kiume ikasema, "Nimepokea. Sogea huku, upande huo kuna upepo."

Nikasogea. Miaka ikaanza kupita, mmoja kabla ya chai, mwingine baada ya chai. Kila mwaka malaika wawili wanaingia na vikombe vya plastiki kuchota fungu lao, ile wiski ambayo watu wa stoo husema imepotelea hewani, wanasaini kitabu cha wageni, wanatoka kupitia mbao. Mara ya kwanza wanachota ukali. Mara ya pili wanachota kisirani, wanakionja, wanatazamana. Ile sauti ya ukutani inaniimbia besi za kwaya, nami naitikia vibaya, na hakuna anayelalamika.

Mwaka wa kumi na mbili kizibo kinafunguliwa. Mbuzi ananimimina kwenye glasi, ananiinua juani, ananionja.

"Sasa ananyweka," anaandika.

Niliamshwa na hodi. Mama Haika alikuwa mlangoni, macho yamevimba, mkononi mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko lile koti limekunjwa vizuri.

"Nimechagua," akasema. "Nalipeleka kanisani, wapo wenye baridi."

Moyo uliniuma kuliko siku zote nilizolionea wivu.

"Lirudishe msumarini, mama," nikamwambia. "Nimekaa naye miaka kumi na miwili. Hana neno."

Aliweka mfuko chini. Alinitazama sana, nikadhani anapima kama nimelewa, kumbe alikuwa akitazama masharubu yangu, ambayo yamekuwa meupe tangu mwaka juzi. Alinyoosha kidole akayagusa. Kidole kikarudi na wekundu hafifu. Akakinusa, akafumba macho, akakinusa tena.

Kisha akaniuliza, bila ugomvi wowote, nililala wapi.