Mia ya Mwalimu Lyddon

Mama Pobjoy, tunayepakana naye ukuta, anadai alimwona Mwalimu Lyddon kwa macho yake akimkabidhi Binti Lavinia, dada wa kasisi, daftari la kuandikia mikimbio ya kriketi, na kwamba walishikana mikono muda mrefu kuliko daftari linavyohitaji.

"Umepokonywa, Hester," akaniambia huku anaanika. "Wewe endelea tu kumfulia suruali."

Nikaendelea kukamua suruali hiyo. Kiangazi cha tano hiki nafua nguo nyeupe za kriketi za Mwalimu, na kila mechi mimi ndiye niliyekuwa naandika mikimbio katika daftari hilo. Shule niliishia kusoma na kuhesabu, lakini kuhesabu najua. Yeye anafundisha Kilatini, anakichezea kijiji bila malipo kama waungwana wafanyavyo, na kwa miaka kumi na minne hajawahi kufikisha mikimbio mia katika mechi moja.

Jumamosi nilisimama nje ya uzio na karatasi ya kufungia sabuni, nikiandika hesabu yangu mwenyewe. Binti Lavinia alikaa kwenye kiti changu, kalamu kaishika kama kijiko. Mpira ukimgonga mchezaji mguuni badala ya kwenye gongo, kisha wakakimbia, mwamuzi huinua goti na kuligusa: mkimbio huo ni wa timu, si wa mchezaji. Mara tatu mwamuzi aligusa goti. Mara tatu Binti Lavinia alikuwa anawapungia watu mkono, kisha akamwandikia Mwalimu. Niliona nikanyamaza, na sitadanganya, nilifurahi.

Ghafla uwanja mzima ukapiga makofi. Mia. Mpira uliofuata Mwalimu akatolewa, akaenda hemani kwenye chai, akamshukuru Binti Lavinia kwa sauti laini ambayo mimi sijawahi kupewa. Roho iliniuma.

Baadaye akaja kwenye uzio, kikombe mkononi, hajakinywea. Huyu ndiye anayewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo tu.

"Hester, mpira ulinigonga mguuni. Sikumbuki mara ngapi."

"Daftari analo Binti Lavinia, Mwalimu. Muulize."

"Nimemuuliza. Anasema mia." Akaitazama karatasi yangu. "Wewe hukosei."

Yangu ilisema tisini na saba. Nikisoma, Binti Lavinia anaaibika leo hii mbele ya kijiji. Na mia ya Mwalimu inapotea, na kwa umri wake huo hatapata nyingine. Nyuma yake Binti Lavinia alikuwa anakuja, anatabasamu, kambebea keki.

"Nisomee, Hester," Mwalimu akasema. "Tafadhali."