Sufuria Kumi za Mdomoni mwa Pango

Yeyote aliyetunga mchezo ule wa simu, Twizeyimana alimwombea jambo moja tu: siku moja akamue usaha wa vyura kwa mikono yake mwenyewe. Kazi ya kwanza ilikuwa mikia ishirini ya panya. Ya pili ndiyo hao vyura, na kila aliyebinywa alitoa mlio wa mtu anayetapika. Twize alikaa kwenye benchi la Honoré, mchajisha simu wa mtaa wa Majengo, pua ameikunja kama anayepita karibu na choo cha soko.

Lakini hakuwa na budi. Pango la kwanza la mchezo halifunguki ila kwa aliyemaliza kazi tatu, na leo ndiyo leo. Kaka yake Hitimana, aliyeko Uganda, alikuwa anaondoka mchana kwenda kufanya kazi shambani, mahali pasipo na mtandao, kwa miezi sita. Tangu wapotezane barabarani walipokimbia vita kijijini kwao Kalengera, walikuwa wakikutana mle mchezoni tu, yeye mganga mwenye kofia, kaka yake askari mwenye ngao. Na walikuwa wameahidiana kuingia pangoni pamoja.

“Twize, uko wapi?” sauti ya Hitimana ilimjia masikioni. “Niko ku mulango. Mimi nilisha maliza zote.”

“Ngoja, yaya,” alisema, neno la kwao la kumwita kaka mkubwa. “Imebakia moya.”

Kazi ya tatu alipewa na chifu mmoja wa mchezoni, mwenye kitambi na ndevu. Wavamizi wamelala mdomoni mwa pango, alisema; piga teke mafiga yao, uzibebe sufuria zao kumi. Twize akapanda kilima anaimba. Huko juu akakuta maturubai yaliyofungwa kwa kamba, na mbele ya kila turubai mwanamke amechuchumaa penye mafiga matatu. Hawakuwa na kisu wala fimbo. Alipomkaribia wa kwanza, yule mama aliinua mkono, na maneno yakatokea juu ya kichwa chake: “Hayajaiva bado.”

Twize aliondoa kidole kwenye kitufe. Heri wale vyura.

“Yaya, hawa si bavamizi. Ni bakimbizi.”

“Ni picha, Twize. Bonyeza tu. Habapigane hata kidogo, dakika mbili unamaliza.”

“Wewe ulipiga teke?”

“Zote kumi. Kuya, saa inaenda.”

Siku waliyokimbia, mama yao aliepua maharagwe mabichi, akayamwaga, akaifunika sufuria kifudifudi juu ya mafiga, kama alivyofundishwa na mama yake: mwenye nyumba atarudi. Kwao figa haliguswi kwa mguu. Hata mtoto akilikanyaga kwa bahati mbaya, anachapwa. Na ni Hitimana huyu huyu aliyerudi kuchungulia mwezi mmoja baadaye, kabla ya kuvuka mpaka, akawapigia simu analia. Sufuria haipo. Mafiga yamepigwa teke mpaka uani. “Ni mutu wa namna gani anafanya vile?” aliuliza siku ile.

“Yaya,” Twize alisema sasa, “unakumbuka uliuliza ni mutu wa namna gani?”

Askari mwenye ngao aligeuka kuelekea pangoni.

“Usilete mambo ya Kalengera mu muchezo,” Hitimana alisema. “Unakuya ao hapana?”

Twize alikitazama kitufe. Abonyeze mara kumi tu, na wangetembea gizani bega kwa bega, kama walivyokuwa wakienda shule. Alimpenda kaka yake. Dakika ile alimwonea kinyaa pia, na hakujidanganya juu ya hilo.

“Ingia,” alisema. “Mimi sitapiga.”

Askari mwenye ngao alisimama mlangoni kidogo. Kisha akaingia peke yake, sufuria zikigongana mgongoni.

Nyumbani, mama yake alikuwa akipepea mbabula, jiko lao la makaa.

“Uliongea na Hitimana?”

“Ndiyo, mama.”

“Anaishi muzuri?”

Twize aliitazama sufuria iliyokuwa ikitokota.

“Ako na sufuria kumi, mama.”

Mama aliangusha kipepeo, akainua mikono yote miwili.

“Mungu asifiwe! Mutoto wangu amepata nyumba!”

Akampakulia Twize kwanza, sahani ikajaa pomoni. Twize akala mpaka tonge la mwisho, kwa sababu mama alikuwa anamtazama, na alikuwa anacheka.