Mpaka Uliochorwa kwa Majani

Mwaka uliofuata mvua za El Nino, wataalamu wa mradi wa mazingira walipanda hadi kijijini kwa akina Paskalia, juu kwenye miteremko ya Uluguru. Walisema hawakuja kufundisha bali kusikiliza, hasa vijana. Paskalia, binti wa miaka kumi na tisa, alikaa mbele kabisa kwenye uwanja wa shule ya misheni.

Wakaambiwa wachore kijiji chao ardhini: majivu yawe njia na vijito, punje za maharage ziwe nyumba, majani mabichi yawe msitu. Wavulana walibishana kuhusu vijito mpaka Paskalia akawanyang'anya debe la majivu. Kila korongo alilijua kwa miguu yake, kwa miaka ya kutafuta kuni.

"Na zamani msitu ulifika wapi?" aliuliza Evance, mtaalamu mpole mwenye miwani.

Paskalia alikumbuka masimulizi ya bibi yake. Akapanga majani kushuka hadi kwenye chemchemi. Katikati alikuta jiwe kubwa la uwanjani, akayazungusha majani na kuendelea.

"Safi sana, dada," alisema Evance, akainakili ramani kwenye karatasi. Watu walipiga makofi. Paskalia alirudi nyumbani hakanyagi chini kwa furaha.

Ulipita mwaka mzima. Kisha wakaja watu wengine, wana mapanga na rangi nyekundu. Walimkuta mama yake, Magdalena, akipalilia kabichi, Paskalia akiwa kando yake. Shamba lile la ukoo Magdalena alipewa na kaka yake, Kasiani. Kahawa ilipokosa mnunuzi, aliing'oa mibuni akapanda kabichi, maana wachuuzi wa mjini walizifuata wenyewe.

"Mama, shamba hili limo ndani ya hifadhi," alisema kiongozi wao.

"Nani kasema?"

"Nyinyi wenyewe. Vijana wenu ndio waliochora msitu wa zamani ulipofika."

Alifunua karatasi. Paskalia aliutambua mstari wake, na ile kona pia. Kona hiyo iliacha nje shamba la jirani yao Dominiko, ikachukua lote la mama yake.

"Hapa mpaka haukupinda," alisema. "Palikuwa na jiwe."

Yule bwana alitazama shambani. "Mbona hakuna jiwe hapa?"

"Lilikuwa uwanjani, shuleni. Niliyazungusha majani."

"Dada, ramani imeshapitishwa."

Walipaka miti rangi, wakaagiza mazao yavunwe mwezi uleule. Paskalia alisubiri machozi, hayakuja.

Jioni Kasiani alifika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ni wewe uliyechora?"

"Ni mimi."

Mjomba aliitikia kwa kichwa, kisha akamwambia dada yake kwamba ardhi ya ukoo yote ilikwisha gawanywa, hana kipande kingine cha kumpa. Alikunywa maji, akaondoka.

Siku tatu mama na binti walikata kabichi, nyingine hata hazijafunga vichwa. Magdalena hakulizungumzia jambo lile.

"Mama, nigombeze basi," alisema Paskalia.

"Nikugombeze ili iweje? Shika tenga huko."

Mvua zilipokaribia, Magdalena alikubali mwito wa mdogo wake wa Turiani, akapande mpunga kwenye mashamba ya watu. Paskalia alimsindikiza mpaka stendi ya Msamvu. Basi lilipowashwa, mama alitoa kichwa dirishani akamkumbusha kuhusu mlango wa jikoni, kwamba haufungiki vizuri. Paskalia aliitikia, akakaa kwenye benchi hadi mfagiaji alipomwomba ainue miguu.

Kijiji kilipounda kamati ya kulinda msitu, walimchagua yeye kwa sababu aliujua mpaka. Hakukataa. Katika doria ya kwanza walifika penye miti yenye rangi nyekundu; magugu yalikwisha fika magotini. Josephina, mjumbe mwenzake aliyeolewa kijijini hapo juzijuzi, alisimama kufunga kamba ya kiatu.

"Hapa palikuwa kwa nani?" aliuliza.

"Kwa mama," Paskalia alisema, akatangulia.