Cheti cha Ruken

...kimekubaliwa, baba kasema kimekubaliwa, au kasema kitakubaliwa, maana jenereta la jirani linanguruma na redio inakatika-katika, na Ruken mchele umemganda vidoleni, anakunja jani jingine la mzabibu lenye mchele ndani, afurahi kwanza au aulize kwanza, "Serikali ya Damasko imevitambua vyeti vya shule zetu za Kikurdi, binti yangu, umesikia?" baba anarudia kutoka sebuleni, nimesikia baba, lakini cheti kipi, si hiki hiki alichokipeleka chuo kikuu Damasko, karani akakigeuza-geuza, akacheka, "Kikurdi ni cha kuimbia harusini, dada, si cha kusomea," akarudi nyumbani Kamishlo kichwa chini, na sasa anaanza upya kwa Kiarabu, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu darasani na watoto wanaomwita shangazi, kesho mtihani wa kemia, aende, asiende, amemaliza shule au hajamaliza... na Rezan, pacha wake, dawati moja tangu utotoni, yeye alisema "Sisomi mara mbili kitu ninachokijua," akashika njia ya Ujerumani, anaosha vyombo mkahawani, angesubiri kidogo tu, kidogo gani, miaka mitano ni kidogo? "Mpigie kaka yako," mama anasema, akipanga majani yaliyokunjwa sufuriani, "mwambie cheti kimepona, arudi," kama vile cheti ndicho kilichokuwa kinaumwa, Ruken anataka kucheka, kumbe kinachomjia si kicheko, ni hasira, hasira ya nini siku ya habari njema, ya yule karani, ataigongea muhuri karatasi ile ile, herufi zile zile, kwani ndani yake kimebadilika nini, moyo na mapafu aliyojifunza kwa Kikurdi yalikuwa moyo na mapafu hata siku ile alipochekwa, basi alikuwa amesoma, muda wote huu alikuwa amesoma, na aliyekubali kwamba hakusoma ni nani, si karani peke yake, hata yeye mwenyewe... "Mbona hufurahi?" mama anauliza, "Sijui, mama," na kweli hajui, anachukua jani, analilaza kiganjani, "nitampigia, lakini simwambii arudi, namwambia kesho siendi kwenye mtihani," mama anaacha kupanga, anamtazama, "Na kama redio imekosea? Utapoteza mwaka, mwanangu," na Ruken anatia mchele katikati ya jani, anakunja pembe moja, anakunja ya pili, "Hata kama imekosea, mama."